Mama Funga: mkunga aliyegeuka mlinzi wa kompyuta za wagonjwa

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mabenchi ya mapokezi ya kituo cha afya yameshajaa, watoto wanalia kwa zamu kana kwamba wamepangiana, na nyuma ya dirisha la usajili kiti ni kitupu. Karani ametoka mara moja kutafuta kalamu. Kompyuta yake ameiacha wazi. Jina la mgonjwa, umri wake na maradhi yake vinasomeka na yeyote mwenye shingo ndefu.

Mwanamke mmoja mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, anaingia kwa mlango wa pembeni. Anainama, anabonyeza vitufe viwili, skrini inajifunga. Kisha anaegemea ukuta, mikono kifuani, anangoja.

Karani anarudi. Anatazama skrini, anamtazama aliyeegemea ukuta.

"Aa, Mama Funga! Si nimetoka dakika moja tu?"

"Mwizi naye hataki zaidi ya hiyo," anajibu, na wote wawili wanaangua kicheko. Hata mama aliye mbele ya foleni anacheka, ingawa hajui kinachochekesha.

Jina la Mama Funga hakupewa na wazazi wake. Kalipata kazini, kwa sababu ya neno lake moja, "Funga!", ambalo hulitoa wodini, maabara, dirisha la dawa, hata chumba cha chai. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ana lake la kusema kuhusu hilo: siku hizi mke wangu anafunga kuliko mshambuliaji yeyote wa ligi.

Ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kulinda kompyuta za vituo saba vya afya dhidi ya wadukuzi, yaani wezi wanaoingia kwa njia ya mtandao bila kuvunja dirisha wala kuruka ukuta. Miaka michache tu iliyopita, kutuma barua pepe kulimlazimu kuita mtu amsaidie.

Kabla ya hapo alikuwa mkunga katika hospitali kubwa ya eneo hilo. Alipokea watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, hivi kwamba akienda sokoni hufika nyumbani amechelewa, kwa jinsi anavyosimamishwa na vijana wenye ndevu ambao yeye anawakumbuka wakiwa uchi.

Siku moja mgonjwa aliyekuwa akishuka kitandani aliteleza. Mkunga akamdaka. Mgonjwa alisalimika, mtoto akasalimika, mgongo wa mkunga haukusalimika. Daktari alipotazama picha za mgongo ule alimwambia asiinue tena kitu kizito kuliko sufuria ya chai, na wodi ya wazazi ikawa imempita.

Alihamishiwa masijala.

"Nilizoea kupokea watoto, nikawa napokea makaratasi," anasema. "Karatasi hailii, haikushiki kidole. Wiki za mwanzo nilikuwa najifungia chooni nalia, nikitoka nasema ni mafua."

Wakati yeye anaugua hayo mafua yake, wakubwa wa hospitali walikuwa na maumivu ya kichwa ya aina nyingine. Taarifa za wagonjwa zilikuwa zimehama kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta, lakini watu wa kuzilinda hawakupatikana. Vijana waliosomea usalama wa mitandao waliishia kwenye mabenki na kampuni za simu. Na hata wachache waliokubali kuja hospitali, wodi iliwashangaza.

"Aliyeijua kompyuta hakuijua wodi, na aliyeijua wodi hakuijua kompyuta," anaeleza mkufunzi ambaye hospitali nzima inamwita Mwalimu. "Tukasema, basi tuwatie wote chungu kimoja."

Pande tatu zikakaa pamoja: hospitali, chuo cha ufundi kilicho jirani nayo, na kampuni ya kompyuta aliyokuwa akiifanyia kazi Mwalimu. Chuo kikatoa darasa. Kampuni ikatoa mashine na ikamtoa Mwalimu mwenyewe. Hospitali ikafungua milango ya wodi kwa mafunzo ya vitendo na ikakubali kuwaachia baadhi ya wafanyakazi wake wasome huku wakilipwa. Nusu ya darasa wangekuwa vijana kutoka mtaani, nusu watumishi wa afya, kwa mwaka mzima.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao karibu na lifti. Mkunga alilisoma akapita. Akarudi, akalisoma tena. Jioni alimwambia mumewe, nusu akitania, ili akichekwa aweze kusema alikuwa anatania.

Mume hakucheka. Aliweka chini miwani yake ya kuchomelea.

"Mke wangu, wewe umewahi kumtoa mtoto aliyetanguliza miguu, tena umeme umekatika. Hiyo kompyuta itakushinda wapi?"

Akajiandikisha.

Siku ya kwanza darasani alikuta sura ambazo, kwa umri wao, huenda nyingine alizipokea yeye mwenyewe duniani. Kijana mmoja alimpisha kwenye kiti akamwita "Shangazi", na darasa zima likalichukua. Aliyekaa naye alikuwa binti mwembamba aliyetoka kwenye kibanda cha kutengeneza simu, mwepesi wa kuelewa na mwepesi wa kukasirika. Kwa sababu hiyo ya pili wenzake walimwita Kiberiti.

Shangazi aliteseka. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha wala kitufe cha kubofya, ni amri tupu za kuandikwa kwa mkono. Naye aliandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mtama. Akifika katikati ya mstari, wenzake wameshamaliza wanapiga soga. Mtihani wa kwanza alianguka, na hakuanguka kidogo.

"Nilibeba mkoba nikasema narudi kwenye makaratasi yangu," anakumbuka. "Kiberiti akanifuata mpaka getini. Akaniambia, 'Shangazi, ukiondoka nani atanizuia kugombana na hawa?' Nikajikuta nacheka. Ukishacheka getini, utaondokaje tena?"

Lakini Kiberiti naye alikuwa na mtihani wake. Hospitali aliijua kama mgonjwa tu. Walipoanza mafunzo ya vitendo wodini, alikuta kompyuta moja ambayo programu yake ilikuwa imepitwa na wakati, mlango wazi kwa mdukuzi yeyote. Kwenye kibanda cha simu, dawa ya hilo ni moja: zima, weka mpya, washa. Akanyoosha mkono.

Mkono ulidakwa hewani.

"Unaona huu mstari unaopanda na kushuka?" Shangazi alimwuliza kwa sauti ya chini, akionyesha pembe ya skrini. "Ni moyo wa mtoto. Yuko tumboni mwa yule mama pale, kitanda cha dirishani. Muuguzi anautazama kupitia hapa. Hapa hatuzimi kwanza, mwanangu. Hapa tunauliza kwanza."

Binti alirudisha mkono taratibu, macho yamemtoka pima. Yule mama wa dirishani, hana hili wala lile, aliwapungia.

"Bado nauliza kwanza," Kiberiti anasema leo. "Nilikuwa nafikiri nalinda mashine. Siku ile nikajua nalinda nini."

Kuanzia hapo wakafanya mapatano. Kiberiti alimfundisha Shangazi kuandika kwa vidole vyote na kuzijua zile amri. Shangazi alimtembeza binti wodi kwa wodi: nani anaingia saa ngapi, mashine gani haiguswi, kwa nini wauguzi wa zamu hutumia neno la siri moja watu watano. Kwamba si ujinga. Ni kwamba mgonjwa anatokwa damu na mashine inadai herufi kubwa, herufi ndogo na namba.

Mwalimu aliwasikiliza wakibishana kuhusu hilo siku moja, akaligeuza kuwa somo la wiki nzima. Matokeo yake wodi ile ikapewa kadi za kugusisha: muuguzi anagusa, mashine inafunguka kwa jina lake. Madaktari ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza zao zitakuja lini.

Nyumbani nako masomo yaliingia. Shangazi alianza na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini anayependa kuongea na simu. Alimfundisha asitoe siri kwa mtu asiyemjua, kwani matapeli wana sauti tamu. Bibi alielewa kupita kiasi. Mwezi uliofuata mwanawe alibadilisha namba, akampigia kumjulia hali.

"Mama, ni mimi mwanao."

"Wote mnasema hivyo," bibi akajibu, akakata simu.

Ilibidi fundi afunge karakana na kwenda mwenyewe kujitambulisha. Hata alipofika, bibi alimwuliza kwanza jina la mbuzi waliyekuwa naye zamani.

*

Darasa lilikuwa limebakiza wiki chache kumaliza pale simu ilipoita asubuhi ya Jumatatu, Mwalimu akiwa ameshika chaki. Alikuwa ni muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya nje ya mji, kimoja kati ya vituo ambavyo wanafunzi walikuwa wakifanyia mazoezi. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefikwa na maji ya shingo. Kompyuta zote zilikuwa zimeandika maneno mekundu. Hakuna jalada lililofunguka. Wezi walikuwa wamezifungia taarifa zote na walitaka walipwe ndipo wazifungue.

"Msizime chochote," Mwalimu akamwambia. "Chomoeni waya za mtandao, zote. Tunakuja."

Walifika wanne: Mwalimu, kijana mmoja wa darasa, Kiberiti na Shangazi. Ilikuwa siku ya kliniki. Kina mama walikuwa wamejaa mpaka nje kwenye jua, watoto migongoni. Hakuna aliyejua nani kapata chanjo ipi, nani ana mzio wa dawa gani, nani alipaswa kurudi lini.

Vijana walikimbilia mashine. Shangazi alisimama mlangoni, akatazama foleni, na kitu alichodhani kimekufa ndani yake kikaamka.

"Leteni meza mbili," aliagiza. "Kila mama atoe kadi yake ya kliniki. Asiye na kadi akae upande huu, nitaongea naye mwenyewe. Mwenye mimba iliyokomaa aje mbele."

Muuguzi mkuu, ambaye alikuwa bado ameduwaa na simu mkononi, aliinuka naye. Wakagawana meza. Foleni ikaanza kutembea, polepole kwanza, kisha kama kawaida yake.

Ndani, Kiberiti aliipata mashine iliyoanza kuugua. Ilikuwa ya karani wa usajili, mama mmoja mpole aliyekuwa amejikunyata stoo kati ya maboksi ya glavu, akilia. Ijumaa jioni alifungua barua pepe iliyoonekana kutoka kwa wasambazaji wa dawa. Ndani kulikuwa na kiambatisho. Akabofya. Hakikufunguka, akafunga akaenda nyumbani.

Kiberiti, kwa hasira zake, alishafungua mdomo. Shangazi akamgusa bega, akaingia stoo yeye, akavuta boksi akakaa.

"Mwizi akivunja mlango, mwenye nyumba hapigwi," alimwambia karani. "Futa machozi. Hukutaka haya, na wao ni mabingwa wa kudanganya. Sasa nisaidie. Hiyo barua ilikujaje, na baada ya kuiona ulifanya nini?"

Karani alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine yeyote tangu asubuhi.

"Niliwatumia na wenzangu. Wa vituo viwili. Nao walikuwa wanasubiri dawa hizo hizo."

Shangazi hakungoja aendelee, alitoka stoo akamweleza Mwalimu. Mwalimu alipiga simu kituo cha kwanza. Wenyewe walikuwa hawajafungua kompyuta tangu Ijumaa. Cha pili, karani alipokea akasema ndiyo, barua anaiona, ndiyo anataka kuifungua sasa hivi.

"Ondoa mkono!" Mwalimu alipiga kelele mpaka wagonjwa nje wakageuka. "Mikono juu ya kichwa! Usiguse kitu!"

Baadaye ilijulikana kwamba yule karani alitii neno kwa neno. Alikaa mikono kichwani, simu ikiwa chini, mpaka mwenzake alipoingia akadhani kituo kimevamiwa na majambazi.

Vituo viwili viliokoka kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa akilia stoo hakukaripiwa. Mwalimu husimulia kisa hicho kwa kila darasa jipya.

Na kile kituo kilichoshambuliwa? Nakala ya taarifa iliyokuwa kituoni ilikuwa imeunganishwa na mashine zile zile, nayo ikafungwa. Hapo watu walinyong'onyea. Lakini moja ya kazi za darasa ilikuwa kutengeneza nakala ya pili, iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, na kuihifadhi kwenye kabati la hospitali kubwa, mbali na mtandao wowote. Kiberiti na Shangazi waliifanya kazi hiyo hapo kituoni, wakilalamika kwamba Mwalimu anawachosha bure. Wezi hawakulipwa kitu. Mashine zilisafishwa moja baada ya nyingine, taarifa zikarudishwa, na siku chache ambazo nakala haikuzifikia zilijazwa upya kutoka kwenye kadi za kina mama.

"Niliporudi nyumbani mgongo uliniuma kama siku ile ya kwanza," Mama Funga anasema. "Lakini sikulia. Nilimwambia mume wangu, leo nimerudi wodini."

*

Mtihani wa mwisho alifaulu kwa mara ya pili kuufanya. Kiberiti alifaulu mara moja, tena kwa alama za juu kuliko wote. Ndipo likaja jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: hospitali ilikuwa na nafasi moja tu.

"Nilisema apewe binti," Mama Funga anaeleza. "Ana maisha mbele. Mimi nina dirisha langu la makaratasi."

Kiberiti aliposikia aliwaka. Alimfuata masijala, akamwambia mbele ya watu kwamba kama Shangazi anarudi dirishani, basi yeye anarudi kwenye kibanda cha simu, na hospitali itafute mtu wa tatu.

Aliyeumaliza ugomvi huo ni yule muuguzi mkuu wa kituo kilichoshambuliwa. Alijua kwamba kituo chake hakiwezi kumwajiri mlinzi wa kompyuta peke yake, wala vile viwili vilivyoponea chupuchupu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Aliwaita wakuu wa vituo vya jirani kwenye chumba chake cha chanjo, akawasimulia ya Jumatatu ile, akamaliza kwa swali moja: "Nani kati yenu anangoja ya kwake?"

Vituo saba vikakubaliana kuchangia mlinzi mmoja. Hospitali ikakubali kumbakiza kwenye orodha ya watumishi wake, chuo kikampa meza, na kampuni ikaahidi kwamba simu yake itapokelewa wakati wowote. Kiberiti akachukua nafasi ya hospitali. Mkunga wa zamani akapewa vituo. Mshahara wake, anakiri, haujapishana sana na wa ukunga, "ila sasa sinunui dawa za mgongo kila wiki, kwa hiyo nimepandishwa."

Kutwa nzima ya leo anazunguka. Maabara, anaondoa flashi isiyojulikana mwenyewe. Chumba cha daktari, anasikiliza malalamiko kuhusu mtandao kuwa mzito, anapiga magoti chini ya meza na kukuta waya umekanyagwa na mguu wa kiti cha daktari mwenyewe. Wanacheka, daktari anamsaidia kuinuka. Adhuhuri Kiberiti anampigia simu kutoka hospitali, wanaongea lugha ambayo nusu yake ni amri za kompyuta na nusu ni umbea.

"Shangazi, umekula?"

"Nitakula. Wewe umewahi kula kabla hujagombana na mtu?"

Bado kazi ni nyingi. Vituo vingi zaidi ya saba vinampigia, na yeye ni mmoja. Kompyuta nyingine ni kuukuu, hazikubali programu mpya. Na wezi nao hawalali, kila mwezi wana uongo mpya.

Ndiyo maana mwezi ujao darasa jipya linafunguliwa, na safari hii yeye ndiye atakayelifundisha pamoja na Mwalimu. Kila kituo kitamleta mtumishi mmoja: muuguzi, karani, mtu wa maabara, yeyote aliye tayari. Dereva wa gari la wagonjwa naye ameuliza kama anaruhusiwa, kwa sababu gari lake sasa lina kompyuta. Ameambiwa aje na miwani.

Lengo la Mama Funga ni kwamba kila kituo kiwe na mtu wake mwenyewe, anayefahamika na wenzake, ambaye karani akikosea atamkimbilia badala ya kumkimbia.

Akiulizwa yeye atafanya nini siku hiyo ikifika, anavua miwani na kuiachia ining'inie. Anatazama wodi ndogo ya kina mama upande wa pili wa ukumbi, ambako muuguzi kijana anambadilishia mtu shuka.

"Nitazeeka," anasema. "Huu mgongo utanirudisha hospitali siku moja, lakini nikiwa mgonjwa. Nataka wakati huo nisiwaze mashine hata kidogo. Nilale zangu usingizi, na mwingine awe macho."